Kuni Mlangoni kwa Mama Monitrisi

Ninyi mnaofundisha watoto kanisani, ninyi waimbaji wa korale, na hata wewe ambaye utumishi wako ni kupanga viti tu kabla ya ibada, nisikilizeni kidogo. Habari hii ni ya hapa hapa kwetu Kasongo. Aliyepatwa nayo ameniruhusu kuisimulia, kwa sharti moja: nisimpunguzie makosa wala nisimwongezee. Nitajaribu, ingawa hilo la kutoongeza ni gumu kwangu.

Jumapili asubuhi, kabla jua halijapasha mabati ya kanisa, Mathilde huwa ameshafika. Anafagia kibanda cha majani kilicho nyuma ya kanisa, anafuta ubao, anapanga mbao za kukalia, kisha anasimama mlangoni, amejifunga kikwembe chake kipya, akisubiri watoto wa ekodimu, shule yetu ya Jumapili. Nao huja. Wanakuja mia moja na sitini, wamepakwa mafuta mpaka magoti yanang'aa, wenye viatu na wasio na viatu, wengine wamebeba wadogo zao mgongoni. Mathilde anawapokea kwa majina. Watu wazima humwita Mama Monitrisi, yaani mwalimu wa ekodimu, na ukimtajia mtoto yeyote wa mtaa ule, atakwambia mama yake ni nani, ameng'oka jino gani na kwa nini anaogopa ngoma kubwa.

Kilichomfanya asifiwe mpaka Kabambare kilikuwa sheria yake ya kuni. Mtoto akikosa Jumapili mbili mfululizo, Jumatano baada ya shule kundi lake lote linakwenda kumtembelea nyumbani kwa nyimbo, na kila mtoto anabeba ukuni mmoja. Kwa nini kuni? Mathilde alikuwa na jibu tayari. Nyumba yenye mgonjwa hukosa mtu wa kwenda kutafuta kuni, na tena hakuna mtoto maskini kiasi cha kushindwa kuokota ukuni mmoja njiani akitoka shambani. Basi watoto waliipenda sheria hiyo kupita nyimbo zenyewe. Mzee Ramazani, ambaye ni Mwislamu na hana mjukuu hata mmoja pale ekodimu, alipovunjika mguu aliuliza kwa utani kuni zake yeye zitakuja lini. Zikaja Jumatano ile ile, na mzee akacheka mpaka mguu ukamuuma upya.

"Sheria yetu haina upendeleo," Mathilde alipenda kuwaambia watoto. "Awe mutoto wa shefu, awe mutoto wa nani, akikosa mara mbili tunamufuata."

Kila kundi lilikuwa na mkubwa wake, mwenye daftari la majina. Kundi la watoto wa miaka minane hadi kumi na mmoja lilishikwa na Glody, msichana mwembamba asiyecheka hovyo, aliyelitunza daftari lake ndani ya mfuko wa plastiki ili mvua isilifikie. Mkumbukeni huyo Glody.

Sasa twende nyumbani kwa Mama Monitrisi, maana huko ndiko mambo yalikoanza kwenda kombo.

Mume wake, Fidèle, ni motari, dereva wa pikipiki. Anapakia mizigo Kasongo, anapita Kabambare, anakwenda mpaka Salamabila kwa wachimba dhahabu, na kwa barabara zetu mnazozijua, akiondoka leo humwoni kabla ya wiki mbili. Mtoto wao ni mmoja tu, Nadine, wa miaka tisa, ambaye walimpata baada ya kungoja sana. Kwa hiyo siku nyingi nyumba ile ilikuwa ya watu wawili, mama na binti. Nikisema wawili nawapendelea kidogo. Jumatatu mama alikuwa kwenye mkutano wa wamonitrisi, Jumanne mazoezi ya nyimbo, Jumatano ziara za kuni, Alhamisi maombi, Ijumaa kwa pasta kutayarisha somo, Jumamosi kufua vitambaa vya kanisa. Nadine alijifunza kusonga bugali mapema kuliko wenzake wote, na bugali lake, wanasema waliolila, lilikuwa zuri kuliko la mama yake.

Mwezi wa tatu sikio la kulia la Nadine lilianza kumuuma. Alimwambia mama yake siku hiyo hiyo. Mathilde alikuwa ameshika kichupa cha dawa ya kupaka, anakimbia kumpelekea mtoto mmoja aitwaye Pacifique aliyekuwa na mapunye kichwani, akasema kesho ataliangalia. Mara ya pili alisema hivyo hivyo. Mara ya tatu alikuwa anafunga kikwembe mlangoni. Alijibu kitu, lakini alikuwa ameshafika barabarani, na Nadine alibaki peke yake na jibu ambalo hakulisikia vizuri. Sikio lilikuwa limeanza kutoa maji.

Jumapili iliyofuata Mathilde aliita watoto waseme fungu la moyoni, wale walioshika neno la wiki bila kusoma. Alipofika kwenye jina la binti yake, binti alikaa kimya. Akaita tena. Nadine, aliyekuwa nyuma, amegeuzia ubao sikio lake bovu, hakutikisika. Hapo Mama Monitrisi aliona aibu mbele ya watoto wale wote, na aibu ikamtoa maneno. Alisema kwamba mtoto wa monitrisi mwenye kichwa kigumu ni mfano mbaya, na kwamba anapoteza wakati kufundisha wa wengine ikiwa wa kwake hataki kuitika. Watoto wote waligeuka wakamtazama Nadine. Alisikia sehemu ya mwisho vizuri sana.

Tangu siku ile Nadine hakurudi ekodimu. Mama yake aliondoka nyumbani alfajiri kama kawaida, akimwachia maneno yale yale, vaa, funga mlango, njoo na wenzako. Nadine alivaa, akafunga mlango, akaenda kwa jirani. Na Mathilde hakujua, kwa sababu katika daftari lake kubwa, lile la makundi yote, jina la Nadine alikuwa ameshaliwekea alama ya kuwapo kabla ya kutoka nyumbani. Mtoto wake atakwenda wapi? Yuko naye ndani ya nyumba moja. Kibandani, kati ya vichwa vile vyote, hakumtafuta tena kwa macho. Jamani, mimi ninayesimulia nimefanya zaidi ya hayo, kwa hiyo sicheki.

Jirani mwenyewe ni Fatuma, mama Soraya, anayeuza mchele kwenye kibaraza chake. Nyumba yao ni ya Waislamu wa zamani wa mji huu, na Jumapili kwao ni siku ya kuchambua mchele wa soko la Jumatatu. Nadine alikaa pale na ungo mapajani akitoa mawe, na Fatuma akamuuliza jambo ambalo halikuwa limeulizwa nyumbani kwao kwa muda: sikio lina nini. Alimfunga kitambaa safi, ambacho Nadine alikifungua kila jioni kabla ya kurudi nyumbani, kisha akamtuma binti yake Soraya kwa Mathilde aje waongee. Mathilde alimkuta Soraya mlangoni, akamwambia kwa upole kwamba ana mkutano, atapita. Juma lililofuata Soraya alitumwa tena. Mathilde alikuwa anatoka na ngoma kichwani, akasema atapita, na kwa kweli alikusudia kupita.

Siku zikaenda hivyo mpaka Jumatano moja ya mwezi wa nne.

Siku hiyo Mathilde alichelewa kwa pasta Salomon. Walikuwa wanapanga Siku Kuu ya Watoto, ambapo watoto wenyewe huongoza ibada nzima na wakubwa hukaa nyuma. Alikuwa ameyaachia makundi ziara za kuni za juma lile, akarudi nyumbani polepole, amechoka, lakini moyo wake ni mwepesi. Alipopinda kona akasikia wimbo. Kisha akaona uwanja wake umejaa watoto, na mbele ya mlango wake, zimepangwa vizuri, kuni. Nyembamba, nene, mbichi, kavu, moja ilikuwa bado na majani.

Mnafikiri Mama Monitrisi alielewa nini? Alielewa kwamba wamekuja kumheshimu. Miaka sita ya kuwahudumia, na sasa, kabla ya siku kuu, watoto wenyewe, bila kuambiwa na mtu, wamemletea mwalimu wao kuni. Machozi yalimtoka. Alipanda ngazi ya mlango wake, akajipangusa kwa ncha ya kikwembe, akatoa hotuba. Aliwashukuru. Alisema hakustahili, ila aliendelea kusema. Aliwaambia kwamba kazi yake ni ndogo, kwamba hata kukosa usingizi kwa ajili yao ni furaha, na kwamba kuni hizi atazikumbuka mpaka uzee wake.

Watoto walitazama miguu yao. Kisha Glody akanyoosha kidole juu, kama Mathilde mwenyewe alivyomfundisha.

"Mama, samahani," alisema. "Kuni haziko zako. Tulikuja kutembelea Nadine."

Mathilde alitabasamu, akasema Nadine si mgonjwa, na tena hajakosa hata siku moja. Glody alifungua mfuko wake wa plastiki, akatoa daftari, akalishika kwa mikono miwili.

"Alikosa siku ya Mungu ine. Tungekuja mbele ya leo, lakini tulikuogopa. Halafu jana tulisema, sheria haina upendeleo."

Mathilde aliingia ndani kumwita binti yake ili amtoe nje waone wenyewe. Aliita chumbani, akaita jikoni, akaita nyuma kwenye kibanda cha kuku. Sufuria ilikuwa imeoshwa na kufunikwa. Alipotoka tena mlangoni, uso wake haukuwa tena wa mtu aliyetoa hotuba, na mtoto mmoja mdogo wa mbele, kwa kumhurumia, alimwambia kwamba Nadine haiko kwenye nyumba, iko kwa mama Soraya, iko kule kila siku. Wengine wakaitikia kwa vichwa. Mtaa mzima ulijua, pamoja na huyo wa miaka minane ambaye hakuwa anajua hata kufunga vifungo vyake.

Alikwenda mbio, na watoto arobaini na mmoja nyuma yake, maana hawakuwa wamepewa ruhusa ya kutawanyika.

Nadine alikuwa kibarazani na ungo. Kitambaa kilimzunguka kichwa mpaka chini ya kidevu, na upande wa kulia kilikuwa na doa la manjano. Mama yake alimwita akiwa hatua tano tu, naye hakugeuka. Alimwita tena kwa sauti kubwa. Fatuma ndiye aliyemgusa bega mtoto, na hapo Nadine akageuza kichwa chote, kama anayetafuta sauti imetoka wapi. Mathilde aliona kila kitu mara moja, na Jumapili ile ya fungu la moyoni ikamrudia yote, neno kwa neno. Akakaa chini kwenye maganda ya mchele na nguo yake ya mkutano.

"Mama Nadine, nilimutuma Soraya kwako mara mbili," Fatuma alisema, bila ukali. "Sikio ya mutoto iko natoka usaha. Mimi niliweza kupangusa tu. Kumupeleka kwa muganga bila wewe kujua, niliona haifai."

Mathilde alimgeukia binti yake, akahakikisha amekaa upande wa kushoto, akamwuliza kwa nini hakumwambia. Ni swali ambalo wazazi huuliza wakijua jibu.

"Nilikuambia, mama," Nadine alisema. "Ulikuwa unaenda kwa Pacifique."

Pacifique mwenyewe alikuwa pale kati ya wenzake, kichwa chake kimepona vizuri, nywele zimeota. Alijificha nyuma ya Glody, akaanza kulia kana kwamba yeye ndiye aliyefanya kosa. Mathilde alimwita, akamkumbatia yeye na Nadine kwa pamoja, akalia nao. Alilia kwa sauti, mbele ya watoto wa kundi zima, na hakuna aliyejua la kufanya mpaka Glody akaanzisha wimbo. Haukuwa wimbo wa kufaa saa ile, ulikuwa wa kupiga makofi, lakini ndio aliokuwa nao karibu.

Jioni hiyo hiyo walikuwa kwa muganga wa hospitali. Alilisafisha sikio, akachungulia kwa tochi yake ndogo kwa muda ambao Mathilde anasema ulikuwa mrefu kuliko ibada ya Pasaka. Ngozi ya ndani ilikuwa imetoboka. Alisema wamefika wakati bado kuna la kufanya. Mwezi mwingine kama huo na ugonjwa ungeingia kwenye mfupa. Alitoa dawa, akafundisha namna ya kukausha sikio kwa kitambaa kilichosokotwa, asubuhi, mchana na jioni, na akaonya kwamba upande huo huenda usisikie tena vizuri kama mwanzo.

Asubuhi, mchana na jioni. Mathilde alifanya hivyo siku kumi na nne, yeye mwenyewe, na mikutano ikaendelea bila yeye. Alishangaa kidogo kuona kwamba iliendelea vizuri. Fidèle aliporudi kutoka Salamabila, tope mpaka kwenye nyusi, alielezwa habari yote. Hakugombana. Alisema tu kwamba na yeye, kila akipiga simu, alikuwa anauliza ekodimu iko je, na alidhani kwa kuuliza hivyo ameuliza habari za nyumbani. Siku ile alikaa mlangoni, akasokota vitambaa vya sikio vya juma zima.

Mathilde alimpelekea pasta Salomon daftari kubwa, akamwambia atafute mtu mwingine. Mtu asiyemwona mtoto wake anawezaje kuongoza watoto wa watu? Pasta aligeuza kurasa pole pole, akazitazama zile alama za Nadine, zote nne zimewekwa kwa kalamu nzuri, zote za uongo. Kisha akamrudishia.

"Kazi sikutoi," alisema. "Siku tatu katika juma nakutoa, ukae na mutoto. Na hizi alama, kwanza umuone mutoto kwa macho, halafu uandike."

Siku Kuu ya Watoto ilipofika, kanisa lilijaa mpaka madirishani. Wakubwa walikaa nyuma kama watoto, na wakatulia vibaya kuliko watoto. Mathilde alisimama mbele na daftari. Kabla ya kuita majina aliwaambia wote, wakubwa kwa wadogo, alichokifanya, bila kukizungushia maneno, na kwamba siku ile alipomwita binti yake kichwa kigumu alikuwa amesema uongo. Akamwomba msamaha hadharani, kama alivyomwaibisha, mbele ya watoto wale wale.

Halafu akaanza kuita. Zakaria, niko. Naomie, niko. Pacifique, niko, kwa sauti ya mtu aliyepona. Alipofika kwenye jina la Nadine, kalamu yake ilikuwa hewani. Aliita mara moja, akangoja.

Nadine alikuwa mstari wa mbele, upande wa kulia wa ukumbi, mahali alipochagua mwenyewe ili sikio zima limwelekee mama yake. Alikuwa amesikia. Kila mtu aliona kwamba amesikia. Lakini alikaa kidogo, akimtazama mama yake, na ninaamini alikuwa anapima kama safari hii atasubiriwa. Mathilde alisubiri. Hakuita mara ya pili, hakugeuza ukurasa, hakutazama saa.

"Niko, mama," Nadine alisema.

Ndipo Mathilde akaandika alama bila kuondoa macho kwa binti yake, na alama ile mpaka leo inafanana na mdudu.

Na zile kuni? Zilikuwa bado zimepangwa mlangoni, hakuna aliyethubutu kuzigusa. Siku hiyo baada ya ibada watoto walizibeba tena, wakazipeleka kwenye kibaraza cha Fatuma, na Fatuma alizitumia kupika sufuria mbili kubwa za wali kwa mafuta ya mawese. Walikula watoto wa ekodimu, wakala na watoto wa madrasa waliokuwa wanapita, na Mzee Ramazani akaja na mkongojo wake akisema mguu wake uliovunjika umesikia harufu ya kuni. Ule ukuni uliokuwa na majani haukuwaka. Nadine aliurudisha nyumbani, na uko juu ya mlango wa jikoni hadi sasa.

FUNZO

Ndugu zangu, sikusimulia haya ili mtu aache utumishi. Mathilde bado anaongoza ekodimu, na anaongoza vizuri kuliko zamani. Watoto wa mtaa wanahitaji mtu wa kuwajua kwa majina, na Mungu awabariki wote wanaofanya kazi hiyo bila kulipwa hata sabuni.

Lakini tuambiane ukweli. Ni rahisi kumhurumia mtoto wa jirani, kwa sababu ukimsaidia watu wanakuona na mama yake anakushukuru. Mtoto wako hana wa kukushukuru kwa niaba yake. Anakuambia mara moja, mara mbili, mara tatu, kisha ananyamaza, na wewe unaona kimya chake ni adabu au ni kiburi. Huduma yoyote inayokuzuia kumsikia aliye chini ya dari lako haijawa huduma bado. Na usidhani kwamba yupo kwa sababu tu mnalala nyumba moja.

Jirani akikutumia mtu mara mbili, nenda, hata kama yeye anasali Ijumaa na wewe Jumapili. Mtoto akinyoosha kidole kukuonyesha kosa lako, mshukuru, ni wewe uliyemfundisha.

Na leo ukifika nyumbani, kabla ya kuweka chini Biblia yako na daftari lako, liite jina la mtoto wako mara moja tu. Halafu ngoja mpaka aitike.